Pointi ya data inapodanganya: kutafuta chanzo cha tatizo kwenye Scada-LTS na Modbus

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye tayari ameunganisha mita, PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mtambo) au transmita (kihisi kinachotuma kipimo) kwenye programu ya ufuatiliaji wa mitambo, ametengeneza pointi zake za data (kila pointi ni kipimo au hali moja inayofuatiliwa), na sasa skrini inamwonyesha kitu asichokiamini. Mifano ni ya Scada-LTS, programu huria iliyotokana na Mango, ikizungumza na vifaa kwa Modbus, lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani. Nimeichagua kwa kuwa yeyote anaweza kuipakua bila malipo na kujaribu ninayoyaeleza. Ukitumia programu nyingine, majina ya mipangilio yatatofautiana lakini mipangilio yenyewe utaikuta.

Kabla ya kugusa chochote, pata namba mbili. Ya kwanza ni namba ghafi: kile kilichomo ndani ya rejista (chumba cha kumbukumbu cha kifaa) kabla programu haijakizidisha wala kukigeuza. Ukurasa wa kuhariri chanzo cha data cha Modbus (mpangilio unaoeleza programu iulize kwa njia gani na kila baada ya muda gani) una sehemu ya kusoma rejista moja kwa moja, itumie hiyo. Kama mnatumia waya wa siriali, zima chanzo kwanza, maana bandari moja haishikwi na wawili kwa wakati mmoja. Namba ya pili ni thamani ya kweli, iliyosomwa pale pale kwenye mtambo: geji ya presha, klampu mita, kioo cha mita yenyewe.

Mtu asiye na namba hizi mbili hubaki akizungusha kizidishi (namba ambayo programu huizidisha na namba ghafi) mpaka skrini ipendeze, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote yaliyomo humu, kwa sababu thamani itakuwa sahihi saa hiyo tu. Presha ikipanda au mzigo ukibadilika, uongo unarudi, na safari hii hakuna anayeutafuta kwa kuwa kila mtu anakumbuka kwamba pointi ile ilisharekebishwa.

Pointi haina thamani kabisa

Kwenye Scada-LTS chanzo cha data kina swichi yake na kila pointi ina yake. Pointi mpya huwa imezimwa mpaka uiwashe. Chanzo kikiwa hai na pointi imezimwa, hutaona kosa lolote, kwani programu haijaambiwa iulize. Washa vyote viwili, subiri mzunguko mmoja wa kuuliza, ndipo uanze kuwaza mengine.

Kama bado ni kimya, soma ujumbe wa kosa wa chanzo cha data. Kifaa kisichojibu na kifaa kinachojibu kwa kukataa ni matatizo mawili tofauti. Kukataa ni habari njema: waya, kasi, pariti (biti ya kukagua makosa) na anwani ya kifaa vyote viko sawa, na tatizo limebaki kwenye mipangilio ya pointi. Modbus hukataa kwa namba. Namba 1 maana yake kifaa hakiijui aina ya ombi. Mara nyingi umechagua rejista za kusomeka tu, zile za safu ya 3, wakati kifaa kimeweka vipimo vyake kwenye safu ya 4, zile za kusomeka na kuandikika, au kinyume chake. Namba 2 ni rejista isiyokuwepo. Namba 3 ni ombi lenye idadi au thamani isiyokubalika. Namba 11, inayoandikwa 0B, hutoka kwa konveta ya katikati, inayounganisha Ethaneti na waya wa siriali: yenyewe iko hai, ila kifaa kilicho nyuma yake hakikujibu.

Namba 2 ina mtego unaowapotezea watu siku nzima. Programu haiombi pointi moja moja. Hukusanya rejista zilizo karibu na kuziomba kwa mkupuo, hadi 125 kwa ombi moja. Kama katikati ya kundi kuna rejista ambayo mtengenezaji hakuiweka, vifaa vingi hukataa mkupuo mzima, na pointi zote nzuri zinakufa kwa sababu ya pengo moja. Dalili yake ni ya wazi: ukijaribu pointi peke yake inasoma, ukiziwasha zote zinakataa. Chanzo cha Modbus kina chaguo la kuomba rejista zinazofuatana tu bila kuruka pengo. Liwashe. Kama kifaa ni cha zamani na hakimudu mkupuo mrefu, punguza pia idadi ya juu ya rejista kwa ombi.

Kimya kabisa ni suala la waya na mawasiliano. Waraka wa Modbus unapendekeza kasi ya 19200 na pariti shufwa, lakini vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa 9600 bila pariti, kwa hiyo soma menyu ya kifaa chenyewe na usikisie. Anwani lazima iwe kati ya 1 na 247 na isigongane na ya kifaa kingine. Waya za A na B za RS-485, aina ya waya wa siriali, hazina makubaliano kati ya watengenezaji: A ya huyu ni B ya yule. Ukihakikisha mengine yote na bado kimya, zibadilishane nafasi, hakuna kitakachoungua.

Kwa Ethaneti, bandari ya kawaida ni 502. Konveta ya RS-485 inaweza kufanya kazi kwa namna mbili, na hapa wengi hukwama. Kuna inayotafsiri Modbus ya Ethaneti kuwa Modbus ya siriali, na kuna inayopitisha baiti kama zilivyo bila kuzielewa. Ukiwa na ya pili, muunganisho hufunguka vizuri, kisha kila ombi huisha muda bila jibu. Dawa ni kuweka alama kwenye chaguo la kufunga ujumbe wa siriali ndani ya TCP, lililopo kwenye mipangilio ya chanzo.

Thamani inakuja na kukatika

Fanya hesabu kabla ya kulaumu kebo. Kwa kasi ya 9600, herufi moja ya biti 11 huchukua milisekunde 1.15 hivi. Ombi la rejista 20 lina baiti 8, na jibu lake baiti 45. Jibu peke yake ni kama milisekunde 52, ukiongeza ombi, ukimya wa lazima kati ya ujumbe na muda wa kifaa kufikiri, unakaribia sehemu ya kumi ya sekunde. Vifaa kumi na tano kwenye waya mmoja, vikiulizwa kila sekunde, havitoshi. Programu itaanza kuruka mizunguko na wewe utaona mapengo.

Kibaya zaidi ni kifaa kimoja kilichozimwa. Ukiwa na muda wa kusubiri wa milisekunde 500 na majaribio mawili ya kurudia, kila ombi kwa kifaa hicho linakula sekunde moja na nusu, na wengine wote wanasubiri foleni. Ndiyo maana kuzima mashine moja kwa ajili ya matengenezo hufanya pointi za mashine nyingine zionekane mbovu. Zima pointi za kifaa kilichozimwa, au kipe chanzo chake cha data kama kiko kwenye waya wa peke yake.

Kama hesabu inatosha na bado kunakatika, angalia rezista za ohmu 120 kwenye ncha mbili za kebo (ncha mbili tu, si kwenye kila kifaa), kisha angalia kama kebo imelala pamoja na nyaya za injini zinazoendeshwa na inveta (kidhibiti cha kasi ya injini). Hakikisha pia kwamba hakuna programu nyingine, au skrini ya paneli, inayouliza kwenye waya huohuo. Modbus ya siriali inaruhusu muulizaji mmoja tu.

Namba ipo, lakini si ya kweli

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Namba mbovu ina sura, na sura hiyo inakuonyesha mpangilio uliokosewa. Weka namba ghafi na thamani ya kweli mbele yako uzilinganishe.

Ukiona thamani inayoleta maana lakini si yake, umesoma rejista ya jirani. Vitabu vingi vya vifaa huhesabu rejista kuanzia 40001, wakati ofseti ya Scada-LTS (nafasi ya rejista kutoka mwanzo wa safu) huanza 0. Kwa hiyo 40001 ni ofseti 0 ya safu ya 4, na 30011 ni ofseti 10 ya safu ya 3. Kuna watengenezaji walioshaondoa hiyo moja tayari kwenye kitabu chao, ndiyo maana kitabu peke yake hakitoshi. Tatizo hili hujificha vizuri kwenye mita za umeme: volti ya fezi ya kwanza ikionyesha ya fezi ya pili, zote ni karibu 230 na hakuna atakayeshtuka. Tafuta kitu ambacho hakifanani na jirani zake. Frikwensi ni kipimo kizuri, kwa kuwa gridi zetu ni za Hz 50: tafuta rejista yenye 500 au 5000 au 50.0, ulinganishe na kitabu, na utajua umepishana kwa ngapi.

Ukiona namba inayokaribia 65,536, au sehemu yake ya kumi, kwenye kitu kinachoweza kuwa chini ya sifuri, umechagua aina isiyo na alama ya hasi. Chukua chumba baridi chenye nyuzi -18.5. Kidhibiti kinaandika -185 kwenye rejista ya biti 16. Ukisoma bila alama utapata 65,351, na kwa kizidishi cha 0.1 skrini itaandika 6535.1. Badilisha aina ya data iwe ya baiti 2 yenye alama. Usijaribu kutoa 6553.6 kwenye kiongezo (namba inayoongezwa baada ya kuzidisha): siku chumba kikifunguliwa kusafishwa na joto likipanda juu ya sifuri, pointi itaruka kwenda chini kabisa.

Ukiona takataka kubwa, au sifuri isiyoisha, au namba kama 2.4E-41, hiyo ni namba ya desimali ya biti 32 iliyosomwa vibaya. Inakaa kwenye rejista mbili zinazofuatana. Volti 230.0 huandikwa 4366 na 0000 kwa mfumo wa heksi. Ukisoma rejista ya kwanza peke yake kama namba ya kawaida unapata 17,254. Ukisoma zote mbili kama desimali lakini kwa mpangilio uliopinduliwa, unapata ile 2.4E-41, ambayo skrini ikikata desimali itaiandika 0.00 na wewe utadhani kifaa hakipimi. Kwa sababu hiyo, pointi ya desimali ikionyesha sifuri, ongeza idadi ya tarakimu zinazoonyeshwa kabla hujaamua chochote. Scada-LTS ina aina ya baiti 4 ya desimali na nyingine ya baiti 4 iliyogeuzwa. Moja kati ya hizo itakupa 230. Jaribio halichukui hata dakika mbili, na halihitaji kitabu.

Sasa kipimo kinachofuata kweli lakini kwa kosa. Programu huchukua namba ghafi, huizidisha kwa kizidishi, kisha huongeza kiongezo. Pima mahali pawili, chini na juu, ndipo uhukumu. Kosa likiwa sawa kote, tatizo ni kiongezo. Kosa likikua kadiri thamani inavyokua, na kutoweka kwenye sifuri, tatizo ni kizidishi. Kosa likiwa kubwa chini na kutoweka juu, hiyo ni transmita ya 4–20 mA (inayotuma kipimo kama mkondo wa miliampea 4 hadi 20) iliyosomwa kama ya 0–20 mA.

Hilo la mwisho ni la kila siku, tulifanyie kazi kwa namba. Transmita ya presha ya bar 0–10 imeingia kwenye kadi ya PLC ya Siemens, ambayo hugawa kipimo kamili kuwa 27,648. Kadi ikiwa imepangwa 4–20 mA, sifuri ya presha ni ghafi 0, na kizidishi ni 10 kugawa kwa 27,648, yaani 0.0003617. Kadi ikiwa imepangwa 0–20 mA, mA 4 inatoa ghafi 5,530, na kwa kizidishi hichohicho bomba tupu litaonyesha bar 2. Mahali sahihi pa kurekebisha ni kwenye kadi. Kama huruhusiwi kugusa PLC, tumia kizidishi 0.00045211 na kiongezo -2.5, bomba tupu litasoma 0 na bomba lililojaa 10. Angalia kwamba aliyepima juu tu, karibu na bar 10, angeondoka akiamini kila kitu kiko sawa.

Kwenye umeme, kosa linalofanana na uwiano wa CT (transfoma ya kupimia mkondo) linatokana na CT. Kwa CT ya 200/5 uwiano ni 40. Ampea zikiwa pungufu mara 40, hakuna aliyeuweka uwiano. Zikiwa nyingi mara 40, umewekwa mara mbili, ndani ya mita na kwenye kizidishi cha pointi. Uweke ndani ya mita, kizidishi kibaki 1, ili kioo cha mita na skrini ya ofisini visipingane mbele ya mkaguzi.

Kuna moja ambayo mipangilio haina dawa yake. Jumla ya kilowati ikiwa kama theluthi moja ya unayoitarajia, na mzigo umegawanyika sawasawa kwenye fezi tatu, CT moja imefungwa kinyume: fezi mbili zinajumlisha na moja inatoa. Tazama kilowati za kila fezi. Moja itakuwa hasi. Kuzidisha jumla kwa 3 kutafanya grafu ipendeze na bili isieleweke. Geuza CT, huku mtambo umezimwa, na usifungue waya wa sekondari wa CT yenye mkondo, kwani volti yake inaweza kupanda hadi ya kuua.

Thamani imeganda

Mawasiliano yakikatika, programu hubaki na thamani ya mwisho na kuiwekea alama ya onyo. Kwenye michoro ya mtambo, mtu aliye mbali na skrini anaweza kuiona namba asiione alama. Hiyo ni sababu ya kwanza, na huonekana kwenye orodha ya matukio ya chanzo.

Sababu ya pili naiogopa zaidi. Pointi ina mpangilio wa kutupa thamani zilizopita kiasi, wenye kikomo cha chini na cha juu. Unawekwa kwa nia njema, kuondoa vilele vya makelele ya umeme kwenye grafu. Chukua ile transmita ya bar 0–10 na fundi ameweka vikomo 0 na 10. Kadi nyingi za Siemens, waya ukikatika kwenye kipimo cha 4–20 mA, hurudisha 32,767, ambayo kwa kizidishi chetu ni bar 11.85. Programu inaiona, inaitupa, na kubaki na thamani ya mwisho iliyokubalika, tuseme 6.2. Hakuna kosa la mawasiliano, kwa kuwa mawasiliano ni mazima. Hakuna alamu ya presha kubwa, kwa kuwa 6.2 si kubwa. Mwendeshaji wa zamu anaona 6.2 usiku kucha, na pampu inaendeshwa na mtu anayeamini namba iliyokufa tangu jioni.

Ondoa vikomo hivyo kwenye kila pointi inayolinda mtu au mashine. Kama ni lazima kuvitumia, viweke mbali na mipaka ya hitilafu. Mwongozo NE 43 wa NAMUR (umoja wa watumiaji wa vifaa vya upimaji viwandani) unachukulia mkondo wa mA 3.6 kushuka chini na mA 21 kupanda juu kuwa ishara ya hitilafu. Kwa transmita yetu hiyo ni bar -0.25 na bar 10.6. Thamani hizo zinatakiwa zipite, zionekane, na ziwe na alamu yao. Kisha weka kigunduzi cha kutobadilika, kinachotoa alamu thamani isipobadilika: kwenye kitu kisichotulia kwa asili yake, kama presha ya pampu inayofanya kazi au volti ya gridi, dakika kumi bila badiliko lolote ni hitilafu tosha.

Namba inayoganda juu kabisa ya kipimo, kama hiyo 11.85, ni kadi iliyofurika au waya uliokatika. Na kihesabu cha nishati kinachokwama kwenye 16,777,216 ni kisa kingine: namba ya desimali ya biti 32 ina nafasi 24 tu za tarakimu za kibainari, kwa hiyo ikifika hapo ukiongeza moja haiongezeki tena. Tafuta kwenye kitabu cha mita rejista ya nishati iliyo ya namba nzima, baiti 4 au 8, uitumie hiyo.

Grafu tupu, grafu ya ngazi, hifadhidata iliyojaa

Yote matatu hutokana na namna ya kuhifadhi. Kuhifadhi kila thamani inayosomwa ni gharama: pointi moja kwa sekunde ni rekodi 86,400 kwa siku, na zaidi ya milioni 31 kwa mwaka. Kwa dakika ni 525,600 tu. Kuhifadhi thamani inapobadilika ni bora kwa swichi na hali za mashine, lakini kwa kipimo cha analogi tarakimu ya mwisho hutikisika kila mara, na unarudi kulekule kwenye kila sekunde. Hapo ndipo ustahimilivu unapofaa: badiliko dogo kuliko kiasi ulichoweka halihifadhiwi. Unapimwa kutoka thamani ya mwisho iliyohifadhiwa, kwa hiyo joto linalopanda polepole halitapotea. Ukiuweka mkubwa, grafu inakuwa ngazi. Anza na nusu asilimia ya kipimo kamili, utazame siku moja.

Grafu tupu kwenye pointi inayosoma vizuri, kama imewekwa kuhifadhi inapobadilika, inaweza kuwa na maana tu kwamba thamani haikubadilika katika kipindi ulichochagua. Panua kipindi. Na ukipeleka data hiyo kwenye lahajedwali, usichukue wastani wa kawaida wa rekodi: thamani iliyokaa saa tano na iliyokaa sekunde tano zitahesabiwa sawa.

Kwa vipimo vya mchakato napendelea kuhifadhi kwa kipindi, kila dakika. Chagua wastani kwa joto na presha za ripoti, thamani ya juu kabisa kwa presha unayoihofia, na thamani ya papo hapo kwa vihesabu. Wastani wa kihesabu hauna maana yoyote. Kumbuka pia kwamba pampu inayowaka kwa sekunde 20 na kuzima haitaonekana kwa uhakika ukiuliza kila dakika, hata uhifadhi vipi. Muda wa kuuliza kwenye chanzo unakuja kwanza.

Data ya zamani kutoweka ni mpangilio wa kufuta baada ya muda fulani, ulio kwenye kila pointi. Kagua huo kabla ya mwaka wa kwanza kuisha.

Saa hazilingani

Tofauti ya saa tatu kamili ni seva iliyobaki kwenye UTC, saa ya kimataifa. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele mwaka mzima. Programu huhifadhi muda kama hesabu ya milisekunde, kwa hiyo ukirekebisha eneo la saa la seva na Java, hata grafu za zamani zitakaa sawa. Tofauti ya dakika saba au ishirini ni saa ya seva yenyewe, na rekodi zilizokwisha andikwa hazitajirekebisha. Tofauti ya saa sita haitoki kwenye programu: fundi wa zamu ameandika saa 2 asubuhi kwenye daftari, na aliyejaza ripoti ameitafuta 02:00 badala ya 08:00.

Alamu hazinyamazi, au hazilii

Alamu inayolia mara mia kwa usiku itazimwa na mtu, na atakuwa na haki. Kikomo kikiwa bar 8 na presha inacheza kati ya 7.9 na 8.1, kipe kigunduzi muda: lazima ipite 8 kwa sekunde 10 mfululizo ndipo kilie. Muda huo uwe mfupi kuliko muda wa mashine kuumia. Ukihitaji alamu mbili, moja ya kuonya na moja ya kusimamisha, zipe viwango tofauti vya uzito.

Isiyolia kabisa, usilaumu ustahimilivu wa kuhifadhi, kwani kigunduzi hutazama thamani inayosomwa. Tazama kwanza kizio: kikomo kimeandikwa kwa bar na pointi inasoma kilopaskali, au kinyume chake. Bar 1 ni kPa 100. Kikomo cha 800 kwenye pointi ya bar hakitafikiwa kamwe. Mwisho hakikisha kiwango cha uzito hakijawekwa kuwa hakuna, na kwamba kuna mpokeaji wa tukio lenyewe.

Kuandika kunakataa

Pointi lazima iwe imeruhusiwa kuandikwa, na iwe kwenye safu ya 4 au kwenye koili (biti moja ya kuwasha na kuzima). Safu ya 3 haiandikiki. Vifaa vingine hukubali kuandikiwa rejista moja tu kwa ombi, vingine mkupuo tu. Jaribu kwanza kwenye kitu kisicho na madhara, huku mtu amesimama kwenye mashine. Na usiache skripti ikiandika kasi ya inveta kila sekunde kwenye rejista ya kumbukumbu ya kudumu. Kumbukumbu hiyo huchakaa kwa kuandikwa. Inveta nyingi zina rejista nyingine ya maagizo ya muda, tumia hiyo.

Baada ya kurekebisha

Kilichohifadhiwa ni thamani iliyokwisha kuzidishwa, kwa hiyo kubadilisha kizidishi leo hakurekebishi jana. Usifute pointi ili uanze upya, maana historia yake inafutwa nayo. Kabla ya kubadilisha aina kutoka namba kwenda hali ya ndiyo na hapana, toa rekodi kwenye faili kwanza. Zisizolingana na aina mpya zinaweza kuondolewa. Kwenye jina au maelezo ya pointi andika tarehe ya badiliko, kizidishi cha zamani na kipya.

Angalia zaidi vihesabu vya nishati. Kihesabu kilichosoma kWh 12,000 kwa kizidishi 1, ukikisahihisha kuwa 40, kinaruka papo hapo hadi 480,000, na ripoti ya mwezi itadai kiwanda kimetumia kWh 468,000 kwa sekunde moja. Gawa mwezi huo pale ulipobadilisha: chukua tofauti ya kipande cha kwanza peke yake, izidishe mara 40, kisha ongeza tofauti ya kipande cha pili kama ilivyo.